Manowari ya London bandarini Unguja, 1874–1883: uchambuzi wa kisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha meli moja ya kivita ya Uingereza iliyoitwa London, ya mbao na matanga, iliyomalizia umri wake ikiwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja. Nimekiandika kwa ajili ya wanaofundisha au kusimamia kazi za doria, forodha na ulinzi wa mwambao. Kinaonyesha kwa uwazi usio wa kawaida kwamba chombo kinaweza kutimiza kila kilichoagizwa na bado lile lililokusudiwa lisipatikane.

Majina ya mabaharia wa kawaida, wakalimani na watu waliokombolewa sikuyataja. Waliotajwa ni wale ambao vyeo au matendo yao yaliwaweka kwenye kumbukumbu za umma.

Usuli: meli iliyopitwa na wakati

London ilishushwa majini huko Chatham tarehe 28 Septemba 1840. Ilikuwa na milingoti mitatu, sitaha mbili za mizinga, na mizinga tisini hivi. Meli za aina yake zilikusudiwa kujipanga mstari mmoja na wenzake na kupigana ubavu kwa ubavu na manowari za adui. Kufukuzana na majahazi kwenye maji ya mikoko hakukuwamo katika mawazo ya aliyeichora.

Mtihani wake mkubwa wa vita ulikuja tarehe 17 Oktoba 1854, pale meli za Uingereza na Ufaransa ziliposhambulia kutoka baharini ngome za Sevastopol, bandari ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi. Makamanda hawakuthubutu kutegemea upepo chini ya mizinga ya ngome, kwa hiyo meli za matanga zilifungwa kila moja ubavuni mwa meli ya mvuke na kusogezwa nayo. London ilipelekwa na meli ya mvuke Niger. Ilikuwa miongoni mwa zilizosogea karibu zaidi, upande wa kaskazini wa bandari, ikapigwa vibaya na kulazimika kujitoa. Ngome za mawe zilibaki zimesimama. Aliyekuwa na macho aliona siku ile kwamba meli inayohitaji kushikwa mkono na meli nyingine ili ifike vitani haina maisha marefu.

Mwaka 1858 iliwekewa injini ya mvuke na rafadha, na mizinga ikapunguzwa. Dawa ilichelewa. Ufaransa ilishusha Gloire mwaka 1859 na Uingereza ikajibu na Warrior mwaka 1860, zote zikiwa na mabamba ya chuma ya kukinga ubavu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1870, London ilikuwa nyumba kubwa ya mbao inayoelea, imara, yenye nafasi tele, isiyo na adui wa kupigana naye.

Usuli: biashara iliyohama

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya hadhara. Hakutia saini kwa hiari yake. Mapema mwaka huo Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alikuja Unguja kumshawishi, akaondoka mikono mitupu. Aliyepata saini ni konsuli John Kirk, baada ya kumfahamisha Sultani kwamba la sivyo manowari za Uingereza zitaizuia bandari. Soko la Mkunazini likafungwa, na katika uwanja ule likaanza kujengwa kanisa kuu la Kianglikana ambalo lipo mpaka leo.

Mkataba uligusa bahari na soko. Haukumgusa mwenye shamba, kwa sababu kumiliki mtumwa ndani ya Unguja na Pemba kulibaki halali. Mtu aliyekuwa na watumwa hamsini siku ya saini alikuwa nao hamsini siku ya pili yake, na sheria ilikuwa upande wake.

Mwezi Aprili 1872, mwaka mmoja kabla ya mkataba, kimbunga kikubwa kilipita Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Karafuu ikaadimika, bei ikapanda, na kila mwenye mtaji akaelekeza macho Pemba. Mkarafuu unataka mikono ya kupalilia, na zaidi ya hapo mikono mingi kwa mpigo wakati wa kuchuma. Basi katika miaka ile ile ambayo njia ya bahari ilikuwa inazibwa, mahitaji ya watu wa kufanya kazi Pemba yalikuwa yanapanda. Nimesoma maelezo mengi ya doria za Waingereza ambayo yanakitaja kimbunga hiki kwa sentensi moja, kama habari ya hali ya hewa. Mimi naona ndicho kiini cha kisa chote.

Wafanyabiashara walibadili njia upesi. Badala ya kupakia watu Kilwa na kuwapeleka Unguja kwa jahazi, walianza kuwatembeza kwa miguu kufuata mwambao kwenda kaskazini, hadi sehemu za Pangani, Tanga na Vanga zinazotazamana na Pemba. Konsuli msaidizi Frederic Elton, aliyesafiri njia hiyo kwa nchi kavu mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu zaidi ya watu 4,000 waliopitishwa katika muda wa mwezi mmoja. Kutoka huko kuvuka mlango wa bahari hadi Pemba ni kilomita hamsini hivi. Jahazi dogo lenye upepo mzuri linaondoka jua likitua na kushusha shehena yake kabla ya alfajiri.

Yaliyotokea

London ilifika Unguja mwaka 1874 chini ya Kapteni George Sulivan, ambaye alikwisha kufanya kazi ya doria katika maji haya na kuyafahamu. Haikuja kusafiri. Ilitia nanga bandarini, ikageuzwa kuwa ghala, karakana, hospitali, makao ya maofisa na mahali pa mabaharia wa meli nyingine kupumzika. Kazi ya kufukuza ilifanywa na mashua zake: za makasia na matanga, na chache za mvuke. Zilipelekwa Pemba na mwambao zikiwa na ofisa kijana, mabaharia kadhaa na mkalimani, na kukaa huko kwa wiki kadhaa zikijificha kwenye hori na nyuma ya visiwa vidogo vya upande wa magharibi wa Pemba.

Maisha ya mashua yalikuwa ya taabu. Watu walilala juu ya mbao, wakinyeshewa na kukaushwa na jua, na homa iliwaandama. Wengi wa waliozikwa na jeshi la majini katika miaka ile waliuawa na maradhi, si risasi.

Mwaka 1876 Sultani alitoa amri za kupiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, na njia ya kaskazini ikabanwa kwa mara ya kwanza kutoka upande wa bara. Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo lilionekana dogo. Luteni Lloyd Mathews wa London aliazimwa kwa Sayyid Barghash ili amfundishie kikosi kipya cha askari. Alianza na watu mia tatu hivi. Uingereza ilitoa bunduki 500 za Snider, na ndani ya miaka michache kikosi kikapita watu elfu moja.

Halafu tukio la Desemba 1881. Kamanda wa London wakati huo alikuwa Kapteni Charles Brownrigg. Mwishoni mwa Novemba alitoka kwa mashua ya mvuke kukagua mashua zake zilizokuwa Pemba, akiwa na watu wachache. Tarehe 3 Desemba waliona jahazi linalopeperusha bendera ya Ufaransa. Brownrigg aliamuru mashua isogee ili hati ziangaliwe. Kwa kuwa nia ilikuwa hiyo tu, watu wake hawakushika silaha. Waliokuwa jahazini walijificha nyuma ya mbao za ubavu mpaka mashua ilipokaribia kabisa, wakafyatua risasi kwa pamoja, kisha wakarukia ndani na mapanga. Baadhi ya mabaharia waliuawa papo hapo, wengine wakajitupa majini. Brownrigg alipigana peke yake nyuma ya mashua kwa kitako cha bunduki, akakatwa mara nyingi, na mwisho akapigwa risasi akafa. Jahazi, ambalo inasemekana lilikuwa na watumwa mia moja hivi, likaendelea na safari yake.

Nahodha wa lile jahazi alijulikana kuwa Hindi bin Khattam. Mathews ndiye aliyetumwa kumtafuta, akiwa na askari wa Sultani. Walimpata Pemba, sehemu za Wete, wakapambana naye; alijeruhiwa na baadaye akafa kwa majeraha. Brownrigg alizikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji ambacho makaburi yake yalikuwa yamefunguliwa miaka miwili nyuma.

Mwaka 1883 London iliondolewa kwenye huduma, mwaka ule ule Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pwani pale pale. Ikauzwa Unguja mwaka 1884 na kuvunjwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuleta meli kuukuu badala ya meli mpya ziendazo kasi. Ulitokana na hesabu ya fedha, na haukuwa wa kijinga. Kabla ya hapo doria ilifanywa na manowari chache zilizopita na kuondoka. Zilipokwenda Bombay au Cape, Afrika Kusini, kutengenezwa, bahari ilibaki wazi. Makao ya kudumu yalimaanisha kwamba mashua zinaweza kutengenezwa hapo hapo, wagonjwa kutibiwa, na maofisa kupata muda wa kuyajua maji, watu na lugha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutawanya mashua. Meli kubwa huonekana kutoka mbali na haiwezi kuingia kwenye hori, mashua inaweza. Lakini kila mashua ikawa peke yake, ikiongozwa na kijana ambaye angeweza kukutana na jahazi lenye watu mara tatu ya wake.

Uamuzi wa tatu ulihusu malipo. Mabaharia wa Uingereza walipewa tuzo ya serikali kwa kila mtumwa aliyekombolewa, pauni 5 kwa kichwa, au tuzo kwa kipimo cha chombo kilichokamatwa. Lengo lilikuwa kuwapa watu moyo katika kazi ngumu. Kesi ziliamuliwa na mahakama ya bahari iliyokuwa hapo hapo Unguja kwenye ubalozi, jambo lililoharakisha hukumu.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kisiasa na ulifanywa mbali sana na Pemba: bendera ya Ufaransa isiguswe. Ufaransa haikukubali majahazi yenye bendera yake yapekuliwe na Waingereza. Ofisa aliruhusiwa kuthibitisha kwamba hati ni za kweli, basi. Majahazi ya watu wa Sur, bandari ya Oman, na ya mwambao wetu yaliweza kupata hati hizo kutoka kwenye makoloni ya Kifaransa kama Mayotte na Nosy Be, na kila nahodha mwenye akili alilijua hilo.

Uamuzi wa tano, wa kumwazima Luteni Mathews, sina hakika kama wakati ule kuna aliyeuona kuwa sehemu ya kazi ya London.

Matokeo

Usafirishaji wa wazi ulikwisha. Kabla ya 1873 watu waliopita Unguja walikadiriwa kwa maelfu mengi kila mwaka, wakilipiwa ushuru forodhani kama bidhaa nyingine. Baada ya hapo wakawa magendo ya usiku, kwa makundi madogo. Waliokombolewa walipelekwa Mbweni na vituo vingine vya misheni Unguja, na kuanzia 1875 Freretown, Mombasa, ambako kizazi chao bado kipo.

Pemba iliendelea kupata watu. Ilipokuja njaa ya mwambao ya katikati ya miaka ya 1880, London ikiwa imekwisha kuvunjwa, biashara ilipata nguvu mpya. Mahali pa London waliwekwa makonsuli wasaidizi katika miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa. Kilichovunja mahitaji yenyewe kilianza tarehe 6 Aprili 1897, pale hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kukaa mahali pamoja kulifaa kuliko ilivyotarajiwa. Faida ya London haikuwa mizinga yake. Ilikuwa karakana, vitanda vya wagonjwa na kumbukumbu. Ofisa aliyekaa misimu miwili ya kaskazi na kusi alijua hori lipi lina maji wakati wa bamvua na nani anamiliki shamba lililo mbele yake. Manowari ya kupita haikuweza kujifunza hayo.

Mathews ndiye tunda kubwa zaidi la ile meli. Tazama jinsi Hindi bin Khattam alivyopatikana: hakukamatwa na mashua. Alikamatwa nchi kavu, na askari wa Sultani, kwa mamlaka ya Sultani, mahali ambapo baharia wa Uingereza hakuwa na haki ya kukanyaga akiwa na bunduki. Kikosi kile kilifika kule ambako doria ya bahari ilikoma kisheria. Bila shaka kilikuwa pia mlango ambao Uingereza iliingilia ndani ya serikali ya Unguja. Mathews alimaliza maisha yake akiwa waziri wa kwanza wa Sultani, na himaya ya Uingereza juu ya Unguja ilitangazwa mwaka 1890. Mwalimu anayefundisha kisa hiki asiwafiche wanafunzi wake upande huo.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Tuanze na lililo wazi. Meli iliyotia nanga mbele ya mji inaonwa na mji mzima. Mashua ikijazwa maji na biskuti asubuhi, kila aliye Forodhani anajua kuwa kuna safari, na habari ilivuka kwenda Pemba kwa ngalawa yoyote. Kuweka mashua huko huko Pemba kwa muda mrefu kulipunguza tatizo hili, lakini chakula na amri viliendelea kutoka Unguja.

Tuzo iliharibu mizani. Fedha ikitolewa kwa kukamata, anayekamata hana faida yoyote katika kuwa mwangalifu. Malalamiko ya manahodha waliochomewa vyombo vyenye shehena halali yalianza kabla ya London kufika, na utaratibu wa malipo uliozaa malalamiko hayo haukuondolewa. Fikiria abiria: jahazi la biashara la kawaida lilikuwa na mabaharia watumwa, mtumishi wa nahodha, pengine mwanamke anayesafiri na jamaa zake. Nani kati yao ni shehena? Swali hilo liliamuliwa kwa dakika chache na kijana asiyejua Kiswahili, kupitia kwa mkalimani. Matokeo yake watu wa mwambao ambao wangeweza kuwa macho na masikio ya doria waliikimbia. Naona hasara hii ilikuwa kubwa kuliko mashua zote zilizopotea.

Kifo cha Brownrigg husimuliwa kama habari ya ushujaa, na shujaa alikuwa. Kwa mtu wa usimamizi, hata hivyo, ni habari ya amri mbili zisizopatana. Amri ya kwanza: kamata wasafirishaji wa watumwa. Ya pili: jahazi lenye bendera ya Ufaransa si mshukiwa, ni la kukaguliwa hati. Jahazi likiwa na bendera hiyo, ofisa anapaswa kulikaribia kama karani, ilhali anajua kuwa ndani huenda mna watu wenye bunduki. Brownrigg alitii amri ya pili kwa uaminifu kamili na akaacha tahadhari ambayo amri ya kwanza ingemfundisha. Angeweza kusogea huku watu wake wameshika silaha na bado asipekue chochote. Hakuna sheria iliyomkataza hilo. Lakini waliozoea kugombezwa kwa kuwaudhi Wafaransa hujizuia hata pale ambapo hawajazuiwa. Kila kituo cha doria kina ukimya wa namna hii. Mkuu wa kituo auulize kwa sauti: ni kitu gani watu wangu hawafanyi kwa sababu wanaogopa barua kutoka makao makuu?

Na kuna shamba. Miaka tisa ya doria ilipandisha hatari ya kuvusha mtu, na hivyo bei yake, huku sheria ikimhakikishia mnunuzi kwamba mali aliyoinunua ni halali akishaifikisha chini ya mkarafuu. Hapakuwa na idadi ya mashua ambayo ingeishinda hesabu hiyo. Kirk alilijua hili na aliliandikia London, mji ule, mara kwa mara. Lakini kugusa umiliki kulimaanisha kugusa mapato ya Sultani na wenye mashamba ambao utawala wake uliwategemea, na serikali iliyompa meli kuukuu haikutaka kumpa fedha za fidia.

Suala la bendera lilikaa muda mrefu zaidi ya wote waliohusika. Lilifikishwa katika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague, kwa shauri la majahazi ya Muscat (Oman), kati ya Uingereza na Ufaransa. Uamuzi ulitolewa tarehe 8 Agosti 1905: baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Muscat ruhusa ya kutumia bendera yake, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863.